Gari la Kupanda Mawe kwa Pesa Kidogo

Somo kwa vikundi vyenye vijana



Ukisimama pale Kisian njia inapogawanyika, moja ikienda Bondo na nyingine ikipanda kuelekea Maseno na Busia, sikiliza malori. Dereva mwenye mzigo mzito akifika mlimani hakanyagi mafuta tu. Anashusha gia. Lori linanguruma kwa sauti kubwa lakini mwendo wake ni wa pole, hata mtoto anayetoka shule anaweza kulipita kwa miguu. Lakini linapanda. Dereva mgeni, yule anayetaka kupanda na gia ya tambarare, huzimikiwa katikati ya mlima na kuwapa taabu wote walio nyuma yake.

Tafadhali weka picha hiyo akilini. Katika somo hili tutatengeneza gari dogo la kuongozwa na rimoti, lakini si lile la mbio ambalo watoto wa mjini hununuliwa Krismasi likavunjika kabla ya mwaka mpya. Hili ni gari la kupanda mawe. Huko Marekani watu wazima hushindana nalo, na hawashindani ni nani aliye mbele. Mtu hupewa njia ya mawe iliyowekwa vijiti viwili viwili kama milango, apitishe gari lake humo bila kugusa kijiti na bila kupinduka. Akigusa au akirudi nyuma anapoteza alama. Ni mchezo wa subira. Na mawe, wasomaji wetu wa Kisian wanajua, hatukuyakosa hapa.

Utauliza, gari la kuchezea linahusu nini na maendeleo ya kijiji? Hata katika kikundi chetu swali hilo liliulizwa, tena kwa ukali. Wacha nieleze yaliyotupata kwanza, maana tulianza vibaya, na makosa yetu yanafundisha kuliko mipango yetu.

TULIVYOCHOMA PESA

Kikundi chetu kina akina mama wengi, wazee wachache, na vijana kumi na mmoja ambao hukaa nyuma karibu na mlango ili watoke kabla mkutano haujaisha. Wengi wao wamemaliza shule na hakuna karo ya kuendelea. Walipokuwa wadogo walikuwa mabingwa wa magari ya waya, yale ya tairi za slipasi kuukuu na usukani wa fimbo ndefu. Sasa walikuwa wameona kwenye simu magari ya rimoti yakipanda majabali huko ng'ambo, wakaulizia bei. Kumbe gari moja zuri la aina hiyo ni bei ya ng'ombe! Wakasema basi tutatengeneza letu.

Waliomba mkopo wa shilingi 3,000 kutoka mfuko wa kikundi, ambao tulikuwa tunachanga ili kununua mbuzi wa maziwa. Mimi ndiye niliyewatetea. Nilisema nitasimamia.

Walinunua gari jipya la kuchezea kwa shilingi 1,400, wakalifungua na kutoa bodi yake ya umeme pamoja na rimoti. Wakaagiza mota nne za njano kutoka Luthuli, Nairobi, kila moja na gurudumu lake kwa shilingi 250. Hiyo ni 1,000. Betri, gundi na risasi ya kuchomelea zikala 450. Jumla 2,850. Halafu wakafikiri hivi: mawe ni makubwa, kwa hivyo tairi ziwe kubwa. Wakaviringisha mpira wa slipasi juu ya yale magurudumu mpaka kila tairi ikafika sentimita 12 kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwenye sakafu ya ukumbi gari lilikimbia kama panya aliyeona paka. Watu wote walipiga makofi. Tukalipeleka juu kwenye mawe. Jiwe la kwanza, la ukubwa wa ngumi mbili tu, gari likaliegemea, likasimama, mota zikaanza kuguna. Kijana mwenye rimoti akaendelea kubonyeza, na sisi wengine tukimwambia, "Bonyeza! Bonyeza!" Baada ya nusu dakika hivi tukasikia harufu. Bodi ilikuwa imeungua.

Mkutano uliofuata, mama mweka hazina alisimama. "Mwalimu," akasema, "ulisema wewe mwenyewe utasimamia. Sasa mbuzi wetu ameungua?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mama, ni kweli. Kosa ni langu kabla ya kuwa la hawa watoto. Tupeni miezi mitatu." Hakujibu, aliandika tu katika kitabu chake.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hivyo twende polepole.

Ile mota ya njano ni sanduku dogo la plastiki. Ndani yake kuna mota yenyewe, ndogo kama kidole gumba, na mfululizo wa gia za plastiki. Fungua moja kwa bisibisi ndogo muone wote. Katika aina inayopatikana kwa urahisi zaidi, mota huzunguka mara 48 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kila gia inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, sawasawa na gia ya lori. Sasa iko aina nyingine, ambayo kwa nje huwezi kuitofautisha na hiyo, ambapo mota huzunguka mara 120 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Vijana wetu hawakujua. Waliagiza "mota ya njano", wakaletewa ya 48.

Ukiwa na wasiwasi umeletewa aina gani, bandika kipande cha karatasi kwenye ekseli, unga mota kwenye betri, na hesabu. Ya 120 huzunguka polepole wazi wazi, chini ya nusu ya mwendo wa ile nyingine.

Jambo la pili ni tairi. Tairi kubwa hupita juu ya jiwe kubwa, hiyo ni kweli. Lakini tairi kubwa pia humnyang'anya mota nguvu. Jaribu wewe mwenyewe: shika ndoo ya maji mkono ukiwa umekunja karibu na kifua, kisha nyosha mkono mbele. Ndoo ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini kadiri ndoo inavyokuwa mbali ndivyo unavyoshindwa. Ukingo wa tairi ni ile ndoo, na ekseli ni bega lako.

Sasa hesabu. Tulitoka kwenye tairi ya sentimita 12 tukaja kwa ya sentimita 8. Kumi na mbili kwa nane ni mara moja na nusu. Tulitoka kwenye gia ya 48 tukaja kwa ya 120. Hiyo ni mara mbili na nusu. Zidisha moja na nusu kwa mbili na nusu, utapata 3.75. Yaani bila kununua mota yenye nguvu zaidi, bila kuongeza hata betri moja, gari linasukuma jiwe kwa nguvu karibu mara nne ya pale mwanzo. Ulicholipa ni mwendo tu, umepungua kwa kiasi hicho hicho. Gari letu la pili huenda mita 15 hivi kwa dakika moja, na kwa kupanda mawe hata hiyo ni haraka. Lile gari dogo la Wamarekani lililotua sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997, lililoitwa Sojourner, lilikuwa na urefu wa sentimita 65, magurudumu sita, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa sentimita moja kwa sekunde. Wale hawakukosa pesa ya mota kubwa!

Na kwa nini bodi iliungua? Watu wengi hufikiri mota hunywa umeme mwingi inapokimbia. La. Hunywa umeme mwingi kabisa inapokwama huku umeme bado unaingia. Ni kama mtu anayesukuma mkokoteni uliozama matopeni: anatoka jasho jingi na haendi popote. Umeme wote huo ulipita katika vidude vidogo vya bodi ambavyo vilitengenezwa kwa gari jepesi la sakafuni, tena vikiwa sasa vinalisha mota nne badala ya mbili. Kwa hivyo gia ya pole inasaidia mara mbili. Inapandisha gari, na inalinda umeme kwa sababu mota hazikwami ovyo.

TAIRI ZA TIUBU YA BODABODA

Kwenye jiwe, tairi ngumu huteleza. Tairi laini hujikunja na kushika jiwe kama kiganja. Haya magari ya ng'ambo hutiwa sponji ndani ya tairi badala ya upepo, na sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo bure.

Toa ule mpira mweusi kwenye gurudumu la njano, ubaki na plastiki tupu. Zungushia kipande cha sponji ya godoro, sentimita moja na nusu unene, ukigundishe mahali kinapoungana. Nenda kwa fundi wa pancha umwombe tiubu ya pikipiki iliyoharibika. Ikate kwa upana kama unavyokata nyanya, upate pete za sentimita 4. Tiubu ya pikipiki, ukiilaza, huwa na upana wa sentimita 9 au 10, na pete yake ikivutwa kidogo inaingia juu ya sponji na kukaa vizuri bila gundi nyingi. Tiubu ya baiskeli ni nyembamba mno, tulijaribu ikapasuka. Kisha kata vipande vidogo vya tiubu hiyo hiyo, upana wa kidole kidogo, uvigundishe kwa kukingama kama meno ya tairi ya trekta. Supaglu inashika, lakini kwanza sugua mpira kwa msasa na uhakikishe hauna poda.

Usijaze sponji mpaka ikakaza. Ukibonyeza tairi kwa kidole gumba iingie kama nusu sentimita. Tairi ya sentimita 8 itapanda kwa taabu jiwe la sentimita 4, na hapo ndipo raha ya mchezo ilipo.

MWILI UNAOJIKUNJA

Tazama trekta zinazovuta miwa kule Kibos na Chemelil. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati tu kwa pini moja, kwa hivyo gurudumu la kushoto likipanda tuta, la kulia linabaki chini. Magurudumu yote manne yanakanyaga. Gari ambalo mwili wake ni ubao mmoja mgumu, likipanda jiwe kwa gurudumu moja, jingine linabaki hewani linazunguka bure.

Kwa hivyo usifanye ubao mmoja. Kata vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 14 kwa 10. Hiki ni cha mbele na hiki ni cha nyuma. Chini ya kila kipande, kwenye ukingo unaotazamana na mwenzake, gundisha na kupigilia kigogo kidogo cha mbao. Toboa vigogo vyote viwili, upitishe bolti moja ya milimita 6 kutoka mbele kwenda nyuma. Kaza nati mbili, moja juu ya nyingine, zikamatane zenyewe bila kubana mbao. Sasa nusu ya mbele inaweza kuinama kushoto huku ya nyuma ikiinama kulia. Funga kamba fupi kila upande ili isijikunje kupita kiasi na kukata waya. Na waya zinazovuka hapo katikati ziachwe zimelegea kidogo.

Mota zina matundu mawili ya kupitisha skrubu. Zifunge chini ya plaiwudi, mbili mbele na mbili nyuma. Hakikisha umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma hauzidi upana kati ya tairi za kushoto na za kulia. Nasema hivyo kwa sababu gari hili halina usukani. Linageuka kama katapila, upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukisimama au kurudi nyuma. Gari refu na jembamba likijaribu kugeuka hivyo linakaza tu.

ANZA NA RIMOTI YA WAYA

Hatua hii sisi tuliiruka kwa kiburi, na ndiyo ingetuokolea bodi.

Nunua swichi mbili za miguu sita, zile ambazo ukiziachilia zinarudi katikati na kuzima. Moja ni ya upande wa kushoto, nyingine ya kulia. Miguu miwili ya katikati iende kwenye mota mbili za upande huo. Miguu miwili ya juu iende kwenye betri. Halafu unga miguu ya chini na ya juu kwa kukingamisha, wa chini kushoto na wa juu kulia, wa chini kulia na wa juu kushoto. Ukisukuma swichi mbele gari linakwenda, ukivuta linarudi. Gurudumu moja likizunguka kinyume na mwenzake, badilisha tu waya mbili za mota hiyo. Tumia waya wa taa uliotoka kwenye kifaa kilichokufa, urefu wa mita tatu, usiwe ule mwembamba kama uzi.

Vijana watasema hiyo si rimoti. Waambie wangoje. Kwa waya mtajaribu mawe yote, mtajua kama tairi zinashika na kama gia inatosha. Gari likikwama mnaachilia swichi, na hata mkichelewa hakuna bodi ya kuungua. Hata mzee wa miaka sabini aliliendesha la kwetu, na haikuwa rahisi kumpokonya.

Likishapanda vizuri kwa waya, ndipo mfikirie redio. Hii teknolojia si ngeni sana. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha watu mashua ndogo mjini New York akiiongoza kwa mawimbi ya redio bila waya. Rimoti yako inafanya jambo hilo hilo: ukibonyeza, inatuma alama, na bodi iliyo ndani ya gari ikiitambua inafungulia umeme uende mota hii au ile.

Usinunue gari jipya. Tafuta lililovunjika mwili. Na si lolote. Yako magari ya kuchezea yanayopinduka na kuendelea kwenda yakiwa juu chini, rimoti yake ina vijiti viwili, kimoja cha mota za kushoto na kingine cha mota za kulia. Bodi ya namna hiyo ndiyo inayofaa gari letu bila kubadilisha kitu. Vijana walipata moja Kibuye siku ya Jumapili kwa shilingi 250, magurudumu yamekatika, umeme mzima. Chagua ile inayotumia betri nne ndogo za ukubwa wa kidole, na usizidishe volti iliyoandikwa. Gari likikwama sekunde tatu, achilia. Gusa bodi kwa kidole mara kwa mara. Ikiwa ya moto hata huwezi kushikilia, pumzisheni.

Kama magari mawili ya zamani yanatumia wimbi moja, rimoti moja itayaendesha yote mawili, na mtagombana bure. Zile mpya za 2.4 huwa kila rimoti inajuana na gari lake.

BETRI

Hapa kwetu betri kavu tunaziita mawe, basi kikundi chetu kilicheka sana, mawe yanapanda mawe. Lakini yale mawe ya bei rahisi hayafai kazi hii. Yanachoka baada ya dakika chache. Tumia betri nne za kuchajiwa, za kawaida za ukubwa wa kidole. Kila moja ni volti 1.2, kwa hivyo nne ni 4.8. Usichanganye za kuchajiwa na kavu, wala mpya na kuukuu.

Na sasa nasema kwa ukali kidogo. Vijana wengine wanapenda kufungua betri za simu na za kompyuta zilizokufa wakatoe mawe ya ndani. Msifanye hivyo. Betri ya litiamu ikitobolewa, au ikichajiwa na chaja isiyo yake, inaweza kuwaka moto ambao maji ya ndoo hayatauzima upesi. Iliyovimba isichajiwe kabisa. Hata hizi za kawaida msiziache zikichaji usiku kucha mmelala, na hasa katika nyumba ya nyasi. Betri zilizokufa zisitupwe shambani wala ziwani. Wekeni ndani ya debe kavu lenye kifuniko, mpelekeni anayepokea taka za umeme mjini.

UZITO UKAE CHINI

Gari likipanda, uzito wote unarudi nyuma, na mara linapinduka kichwa juu. Weka betri mbele kabisa, chini ya plaiwudi na si juu yake. Vijana wetu walitaka kuweka kibanda kizuri cha bati chenye vioo kama matatu. Kilikuwa kizuri kweli, kimepakwa rangi, lakini kila mwinamo gari lilianguka. Wakabadilisha kwa katoni ya maziwa.

Kuna kipimo rahisi. Weka gari kwa ubavu juu ya ubao, inua upande mmoja wa ubao polepole mpaka gari lianze kupinduka. Likipinduka kabla ya ubao kufika nusu ya njia kati ya kulala na kusimama wima, uzito uko juu mno. Kwa gari letu lenye sentimita 20 kati ya tairi za kushoto na kulia, maana yake ni kwamba kiini cha uzito kisizidi sentimita 10 kutoka ardhini.

PESA

Ukianza vizuri, bila kufuata njia yetu, hesabu ni hii kwa bei tulizolipa sisi: gari lililovunjika 250, mota nne za gia 120 na magurudumu yake 1,000, betri nne za kuchajiwa 600, swichi mbili 100, gundi na risasi 150. Jumla shilingi 2,100. Chaja tuliazima. Tiubu, sponji, plaiwudi na waya havikutugharimu kitu. Ukiishia kwenye rimoti ya waya, toa 250. Pesa yako iende kwenye gia na betri. Muuzaji akikuonyesha mota "yenye nguvu zaidi", mwulize kwanza inazunguka mara ngapi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Asipojua, rudisha mfukoni.

Na ile 3,000 ya mbuzi? Wakati wanangoja pesa ya kujaribu mara ya pili, wale vijana walikuwa wameshajua kuchomelea risasi. Walianza na taa ya sola ya mama mmoja, waya ulikuwa umekatika tu ndani. Halafu tochi, halafu redio. Wakatoza shilingi 50 au 100, na kwa pesa hiyo wakanunua mota za 120, betri na swichi wenyewe. Si kila kitu walitengeneza. Redio moja ya mzee waliirudisha mbaya kuliko walivyoipokea, na walimlipa. Mpaka naandika haya wamerudisha kwa mfuko shilingi 1,900. Mama mweka hazina bado ana kitabu chake, na kila mkutano anasoma deni lililobaki, 1,100, kwa sauti ya kusikika hadi pale mlangoni. Mbuzi hajanunuliwa. Lakini siku ile gari lilipopanda jiwe ambalo lilitushinda mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeomba rimoti.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Gawanyikeni vikundi vya watu watano. Mkiweza, wekeni gari au mota moja katikati ya meza.

Tairi ya gari lenu ni sentimita 10 na mota ni ya gia 120. Mkibadilisha tairi iwe sentimita 8, nguvu ya kusukuma itaongezeka mara ngapi? Mwendo je?

Ni vifaa gani vingine hapa kijijini ambavyo hubadilisha mwendo kuwa nguvu? Fikirini baiskeli, kisima, mashine ya kusaga.

Vijana wakiomba mkopo wa jambo ambalo wazee hawalijui, kikundi kiwaulize nini kabla ya kutoa pesa? Na pesa ikipotea, nani alipe, na kwa muda gani?

Ni nani katika kikundi chenu anaweza kuchomelea waya? Kama hayuko, ni kijana gani anaweza kutumwa kwa fundi wa redio akajifunze?